Kreta ya Ptolemaeus: sakafu iliyobadilika kwa usiku mmoja, na swali la kuchakaa mahali pasipo na mvua

MwalimuWaDodoma

Habari za jioni, ndugu zangu wapenda anga.

Nina swali ambalo si langu peke yangu. Limetoka kwa wanafunzi wangu wa kidato cha pili, nami nimeona nisiwajibu kwa kubahatisha. Wiki iliyopita tuliitoa uwanjani darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimeta 114, tukautazama Mwezi siku mbili mfululizo, kuanzia usiku wa robo ya kwanza, wakati nusu ya uso wake ina mwanga na nusu ina giza. Karibu na katikati ya uso huo, palepale kwenye mpaka wa mwanga na giza, kuna kasoko tatu, au kreta kama wengi tunavyozoea kusema, zimejipanga mstari mmoja, na kubwa kuliko zote ni ile ambayo ramani inaiita Ptolemaeus.

Usiku wa kwanza sakafu yake ilikuwa imejaa vivuli. Kulikuwa na kijishimo kimoja chenye ukingo mkali, kulikuwa na duara hafifu kando yake, na kulikuwa na mabonde mengi ya mviringo, mapana lakini ya kina kidogo mno, kama alama za sahani zilizokandamizwa juu ya unga kisha zikainuliwa. Usiku wa pili, saa ileile na kwa darubini ileile, sakafu ilikuwa laini kama meza. Kijishimo kilikuwapo, lakini mabonde yote hayakuonekana tena.

Hapo maswali yakaanza. La kwanza, mabonde yale yamekwenda wapi? La pili, kreta kubwa katika picha za vitabuni huwa na mlima katikati, na Arzachel, ambayo ni ya tatu katika mstari ule, inao. Kwa nini hii iliyo kubwa kuliko zote haina? La tatu ndilo lililonishinda. Niliwaambia kwamba ukuta wa Ptolemaeus umemegeka kwa sababu kreta hiyo ni ya zamani mno na imechakaa. Binti mmoja akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, si ulitufundisha kwamba Mwezini hakuna mvua, wala mto, wala upepo? Sasa imechakazwa na nini?" Nilimwahidi kwamba nitamletea jibu, na sipendi kuvunja ahadi niliyompa mtoto anayeuliza vizuri namna ile.

---

JiweNaVumbi

Salaam, Mwalimu, na umfikishie binti huyo pongezi zangu, maana swali lake ndilo kiini cha jambo lote.

Nianze na lile jepesi, la mabonde. Hayakwenda popote, kilichobadilika ni kimo cha jua. Ukisimama mahali popote karibu na ikweta ya Mwezi utaliona jua likipanda kwa takriban nyuzi 12 kwa kila siku moja ya kwetu. Usiku wenu wa kwanza lilikuwa ndiyo kwanza limechomoza hapo Ptolemaeus, tuseme nyuzi 3 juu ya upeo, na usiku wa pili lilikuwa limefika nyuzi 15. Sasa chukua bonde ambalo pande zake zinainama kwa nyuzi 2 tu, mteremko ambao mtu akiutembea hausikii hata miguuni. Jua likiwa nyuzi 3, upande unaolielekea hupokea mwanga mara tano ya upande uliolipa kisogo, na jicho linaliona bonde bila taabu. Jua likifika nyuzi 15, upande mmoja unauzidi mwingine kwa chini ya theluthi moja, na jicho linaona uwanda mtupu. Ndiyo maana kreta kongwe hutazamwa asubuhi yake au jioni yake. Mwezi ukiwa mpevu, jua linapoipiga sehemu ile karibu na utosi, Ptolemaeus nzima, pamoja na ukubwa wake, ni shida kuitambua.

Kuhusu ukubwa huo, kreta hii ina upana wa takriban kilometa 154 na kina cha takriban kilometa 2.4. Iweke kando ya Tycho, ile yenye miale meupe kule kusini, ambayo upana wake ni kilometa 85 tu lakini kina chake kinakaribia kilometa 4.8. Ptolemaeus ni pana karibu mara mbili, na kina chake ni nusu. Tycho ina umri wa takriban miaka milioni 108, umri mdogo sana kwa kipimo cha Mwezi. Ptolemaeus ina zaidi ya miaka bilioni 3.9. Haiwezekani kwamba ilizaliwa ikiwa bapa hivi. Kimondo kikubwa kinapogonga, mwamba husukumwa chini kisha hurudi juu katikati na kufanya kilele, na kuta za pembeni zisizoweza kujishikilia huporomoka na kubaki kama ngazi. Ptolemaeus nayo ilipitia hayo. Kilele chake kimefukiwa, na ngazi za kuta zake zimefutika.

Zimefutwa na nini? Mwambie binti kwamba Mwezi nao una mvua yake, ila ni mvua ya mawe na vumbi la angani. Kwetu punje hizo huungua hewani, nasi huziona kama vimondo vinavyopita. Kule hakuna hewa ya kuziunguza, kwa hiyo kila punje inafika chini kwa kasi ya kilometa nyingi kwa sekunde na kubomoa kidogo. Mwamba ulio wazi Mwezini hulika kwa takriban milimeta moja kwa kila miaka milioni moja. Lakini piga hesabu: kwa miaka bilioni 3.9 tunapata kama mita 4 tu. Mita 4 zinatosha kulainisha ncha za mawe na kufuta kijishimo kidogo, hazitoshi kuvunja ukuta wenye kimo cha zaidi ya kilometa mbili. Kwa hiyo wanaosema kwamba kreta za Mwezi zimechakazwa na vumbi la angani peke yake wanasema nusu ya jambo, na nusu iliyo ndogo.

Kazi kubwa ilifanywa kwa mapigo makubwa. Kreta mpya zilizaliwa juu ya ukingo wa zamani na kuumeza kipande kwa kipande. Kila pigo lilitikisa ardhi, na kila mtikisiko uliporomosha mawe yaliyokuwa yamekaa vibaya kwenye mteremko. Na juu ya yote lilikuja pigo lililochimba lile beseni la Bahari ya Mvua, Imbrium, lenye upana unaozidi kilometa 1,100, takriban miaka bilioni 3.9 iliyopita. Kitovu cha pigo lile kiko zaidi ya kilometa 1,300 kutoka Ptolemaeus, na hata hivyo vifusi vyake vilifika huko, vingine vikiwa mabonge makubwa kama milima, vikaruka chinichini na kulima mifereji katika kuta. Mkitazama tena, angalieni ukuta wa Ptolemaeus: mtaona mikwaruzo mirefu iliyonyooka, yote ikielekea upande mmoja, kaskazini na kidogo magharibi. Mwanajiolojia wa Marekani, Grove Karl Gilbert, aliitambua mikwaruzo hiyo na kueleza mwaka 1893 kwamba yote inarudi kwenye chimbuko moja, nalo ni Imbrium. Alifanya hivyo akitazama kwa darubini tu, miaka zaidi ya 70 kabla ya chombo chochote kutua kule.

---

Lugalo_Fizikia

Maelezo mazuri sana. Ningependa kuongeza tu kwamba sakafu ile laini ni lava, kama ilivyo kwa zile nyanda nyeusi za Mwezi zinazoitwa bahari. Baada ya kreta kuchimbika, lava ilipanda kupitia nyufa za chini na kuijaza hadi kufunika kilele, kisha ikapoa. Hilo linajibu swali la pili la Mwalimu.

---

JiweNaVumbi

Ndugu yangu Lugalo, wazo hilo lilikuwa la wataalamu wengi hadi Aprili 1972, na lilivyoanguka ni kisa ninachokipenda kuliko vyote katika elimu ya Mwezi, kwa hiyo mniwie radhi nikikieleza kwa urefu kidogo.

Tazama kwanza rangi. Bahari za Mwezi ni nyeusi kwa sababu ya lava yenye chuma kingi. Sakafu ya Ptolemaeus haina weusi huo. Mng'ao wake ni wa nyanda za juu zinazoizunguka. Nyanda bapa, zenye rangi ya kung'aa kama hii, zimetapakaa sehemu nyingi za uso wa katikati wa Mwezi, na wanajiolojia wa miaka ya 1960 walidhani ni zao la volkano za aina tofauti na zile za baharini. Dhana hiyo ilikuwa na nguvu kiasi kwamba ilikuwa mojawapo ya sababu za kuipeleka Apollo 16, safari ya wanaanga wa Marekani, karibu na kreta ya Descartes, takriban kilometa 500 mashariki ya Ptolemaeus, kwenye uwanda wa aina hiihii. John Young na Charles Duke walishuka wakitarajiwa kuokota mawe ya volkano. Walichokiona kila walipopita ni mawe yaliyopondwapondwa na kushikamanishwa tena, vipande ndani ya vipande, kama zege iliyovunjwa ikachanganywa katika zege mpya. Walirudi na kilo 95 na ushei za mawe na udongo, na maabara zikathibitisha kwamba uwanda ule ulijengwa na vifusi vya mapigo makubwa, wala si kwa volkano.

Kwa hiyo kilichoijaza Ptolemaeus, kwa sehemu kubwa, ni vifusi: vile vilivyorushwa kutoka Imbrium pamoja na mawe ya hapohapo yaliyochimbuliwa navyo, vikatiririka kama maporomoko makavu na kutulia sehemu za chini. Ni tofauti inayobadilisha namna ya kuisoma sakafu. Lava hutafuta usawa kama maji. Vifusi hufuata umbo la kilicho chini, kwa hiyo shimo lililofukiwa huacha bonde hafifu juu yake, kama vile shimo la taka lililofukiwa uani linavyojulikana kwa mbonyeo hata baada ya miaka.

Hapo ndipo tunapata maana ya zile alama za sahani alizoziona Mwalimu. Kila moja ni kreta ya zamani iliyozaliwa juu ya sakafu ya Ptolemaeus kabla haijafukiwa. Lile duara hafifu, upande wa kaskazini wa kijishimo chenu, ni mojawapo, na huitwa Ptolemaeus B. Limebaki ukingo tu, na upana wake ni kama mara mbili wa kijishimo. Nacho kijishimo chenyewe, Ammonius, chenye upana wa takriban kilometa 9, kina ukingo mkali kwa sababu kilichimbwa juu ya vifusi, baada ya kila kitu kutulia. Kwa kutazama vitu vitatu tu mnaweza kupanga historia: kwanza Ptolemaeus, kisha mashimo yaliyo sasa sahani, kisha mafuriko ya vifusi, kisha Ammonius. Hakuna haja ya kuokota jiwe hata moja ili kujua kipi kilitangulia.

Na mstari wa kreta tatu unawapa kipimo kizuri zaidi. Alphonsus, iliyobanana na Ptolemaeus upande wa kusini, ina upana wa takriban kilometa 110 hadi 119 kulingana na mahali unapoanzia kupima, maana ukingo wake si duara safi. Nayo ilikuwapo Imbrium ilipopigwa, imekwaruzwa na kujazwa, lakini kilele chake kidogo bado kinachomoza. Arzachel, yenye upana wa kilometa 97, ilizaliwa baada ya pigo lile, na ndiyo sababu ina kina cha takriban kilometa 3.6, ngazi za ukuta na mlima wa kati, bila mikwaruzo ile. Majirani watatu, na yule aliyechelewa kuzaliwa ndiye aliyesalimika.

---

Lugalo_Fizikia

Nimekuelewa, na nashukuru. Nilijifunza hilo la lava katika kijitabu cha zamani na sikuwahi kulihoji. Je, hakuna volkano kabisa mahali pale?

---

JiweNaVumbi

Ipo dalili yake, lakini kwa jirani. Ndani ya Alphonsus, kando ya ukuta, kuna vijishimo vilivyozungukwa na madoa meusi, navyo viko juu ya nyufa za sakafu. Hivyo vinahesabiwa kuwa ni matundu ya volkano yaliyotema majivu. Chombo cha Ranger 9 kilielekezwa huko makusudi, kikagonga ndani ya Alphonsus tarehe 24 Machi 1965 baada ya kutuma picha zaidi ya 5,800, nyingine zikiionyesha Ptolemaeus pembeni, na watazamaji wa televisheni nchini Marekani waliziona zikiingia moja kwa moja.

---

BintiWaKilwa

Nimefuatilia mjadala huu kwa furaha. Mimi si mtu wa mawe, ni mtu wa historia, na ningependa kulisemea jina, kwa kuwa lina uhusiano nasi ambao wengi hawaujui.

Kreta hizi tatu zilipewa majina na padri wa Italia, Giovanni Riccioli, mwaka 1651. Ptolemaeus ni Klaudio Ptolemaio, mtaalamu wa nyota na jiografia aliyeishi Aleksandria, Misri, katika karne ya 2. Katika kazi yake ya jiografia aliutaja mji wa Rhapta katika pwani hii yetu, ambayo Wagiriki waliiita Azania. Mahali hasa pa mji huo bado panatafutwa, ila watafiti wengi wanautafuta katika pwani ya Tanzania. Katika kazi hiyohiyo kuna habari kwamba maji ya Nile yanatoka katika theluji ya milima iliyo ndani ya bara, nayo inaitwa Milima ya Mwezi, na watu wa baadaye wengi wameitambua kuwa ni Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Hivyo mtu ambaye kazi yake iliipeleka milima ya Mwezi Afrika, jina lake limewekwa kwenye milima ya Mwezi kwelikweli. Wanafunzi wako, Mwalimu, wanastahili kulijua hilo wanapoweka jicho kwenye lenzi.

Arzachel naye ni al-Zarqali, mtaalamu wa nyota wa Toledo huko Andalusia katika karne ya 11, na Alphonsus ni Alfonso wa Kumi, mfalme wa Kastilia, ambaye majedwali ya nyota yaliyotungwa chini yake katika karne ya 13 yalitegemea sana kazi za Waislamu waliomtangulia. Riccioli hakuwatupa watu hawa kila mmoja pembe yake. Aliwaweka pamoja kwa kuwa elimu yao iliungana.

---

Usiku_Mwema

Nami niongeze la matumizi. Ramani nyingi huchorwa kaskazini ikiwa juu, na hilo huwachanganya watazamaji wa ukanda wetu. Kwetu, Mwezi wa robo ya kwanza jioni huwa karibu na utosi, na kadiri usiku unavyokwenda hushuka magharibi ukiwa umelala, mwanga upande wa chini. Ukiutazama kwa macho hali ukielekea magharibi, kaskazini ya Mwezi iko mkono wako wa kulia. Darubini ya kioo nayo huigeuza picha juu chini na kulia kushoto, kwa hiyo msitegemee ramani kwanza. Tafuteni kreta tatu zilizopungua ukubwa kwa mpangilio, na ile kubwa ndiyo Ptolemaeus.

La pili ni saa. Mpaka wa mwanga na giza hutembea kwa takriban kilometa 15 kwa saa karibu na ikweta ya Mwezi, kwa hiyo unahitaji kama saa 10 kuivuka kreta hii yote. Anayeketi kwa saa mbili bila kuondoka ataona vivuli vikifupika mbele ya macho yake. Chagueni saa chache baada ya robo ya kwanza kamili, si usiku unaofuata.

Na jambo moja la kuwapa wanafunzi hesabu. Mwezi ni mdogo, nusu kipenyo chake ni kilometa 1,737, na uso wake unapinda upesi. Mtu akisimama katikati ya sakafu ya Ptolemaeus, ukuta uko kilometa 77 mbele yake, na kwa umbali huo mpindo wa Mwezi unaficha takriban kilometa 1.7 za chini. Angekuwa ndani ya shimo, asione shimo. Angeona uwanda kila upande na labda vilele vichache vya ukingo mbali kwenye upeo.

---

MwalimuWaDodoma

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuwasomea wanafunzi majibu yenu, kisha tungoje robo nyingine. Jana usiku tulikuwa wanane uwanjani.

Tulipoanza, sakafu ilikuwa karibu nyeusi yote. Ukuta wa magharibi tu ndio uliokuwa unawaka kwa ndani, na kwenye giza lile ukingo wa Ammonius ulionekana kama pete ndogo iliyoachwa sakafuni. Kisha vivuli vya ukuta wa mashariki vikajitokeza vikiwa na ncha ndefu, kila kilele na ncha yake, vikilala sakafuni kama vidole. Tulimweka kijana mmoja achore mahali ncha moja ilipoishia kila baada ya nusu saa, na kufikia mchoro wa nne hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba Mwezi unageuka. Sahani zilitokea moja baada ya nyingine kadiri mwanga ulivyozifikia. Wanafunzi walihesabu tisa. Mimi niliona saba. Ptolemaeus B tuliiona wote.

Mikwaruzo ya ukutani ilitusumbua hadi saa nne usiku, hewa ilipotulia. Binti aliyeuliza swali ndiye aliyeiona kwanza. Aliiweka rula juu ya picha ya ramani, akaivuta kwa penseli kufuata mwelekeo wa mikwaruzo miwili, na mistari yake ikapanda kaskazini mpaka ikaingia ndani ya Bahari ya Mvua. Aliniletea karatasi bila kusema neno. Sasa anauliza kama Imbrium nayo iliwahi kufukiwa na pigo lililoifuata, na kama ndivyo, vifusi vyake tuvitafute wapi.